Hojaji hupima maneno kabla ya kupima moyo

Takriban kila tasnifu ya uzamili inayofika mezani pangu, iwe ya elimu, isimu au saikolojia, ina hojaji katika viambatisho. Wakenya tunaiita hojaji, kutokana na kitenzi hoji. Wenzetu wa Tanzania huiita dodoso, kutokana na dodosa. Majina ni mawili, kazi ni moja: kuwauliza watu wengi maswali yale yale, kisha kulinganisha majibu. Lakini je, nani aliamua kwamba yaliyomo moyoni mwa mtu yanaweza kujulikana kwa karatasi, tena kwa lugha ipi?

Tuanzie Uingereza. Mnamo 1880, Francis Galton alichapisha matokeo ya hojaji iliyowataka watu waikumbuke meza waliyokulia kiamshakinywa asubuhi hiyo. Je, picha iliyowajia akilini ilikuwa angavu au hafifu? Ilikuwa na rangi? Alianza na wanasayansi, na wengi wao wakamshangaa. Kwao, kusema mtu “huona” jambo akilini ilikuwa tamathali ya usemi tu. Kumbe watu wengine walijibu kwamba wanaziona picha hizo waziwazi! Tazama basi: hojaji hiyo ya awali kabisa katika saikolojia ilikwama kwenye neno moja, kuona.

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1917, ilihitajika njia ya haraka ya kuwatambua wanajeshi ambao akili zao zingeyumba kwa kishindo cha mizinga. Madaktari wasingeweza kumhoji kila mmoja. Robert Woodworth akaunda orodha iliyofikia maswali 116, ya kujibiwa ndiyo au la. Vita viliisha kabla haijatumiwa sana, lakini ikawa mzazi wa hojaji nyingi za nafsi. Mwaka 1932 Rensis Likert akaleta ngazi ya hatua tano, kutoka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Ndiyo hiyo wanafunzi wetu wanainakili hadi leo.

Hadi hapo, muulizaji na mjibuji walikuwa wakisema lugha moja. Balaa lilizuka hojaji ilipovuka bahari. Hebu fikiria swali la Kiingereza linalotumika sana kupima sonona, linalouliza iwapo mtu amekuwa akijihisi “chini”. Litafsiri neno kwa neno, umpelekee mama muuza mboga pale Kongowea. Atajiuliza, chini ya nini? Atajibu la. Utaandika kwamba ni mzima, ilhali yeye, lau ungemuuliza vizuri, angekwambia ana mawazo mengi, moyo mzito, na usiku haoni usingizi.

Msiniambie kwamba kutafsiri kinyume kutaliondoa tatizo hilo. Mbinu hiyo, aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970, humtaka mfasiri wa pili airudishe tafsiri katika lugha ya asili. Ni mbinu nzuri, lakini “chini” itarudi Kiingereza salama salimini, bila kuonyesha kwamba njiani ilipoteza maana.

Dawa ilipatikana jirani, nchini Zimbabwe. Mwaka 1997, Vikram Patel na wenzake walichapisha hojaji ya maswali 14 katika Kishona. Hawakuanza na Kiingereza. Walianza na maneno ya wagonjwa wenyewe, waliotoka katika zahanati na kwa waganga wa jadi mjini Harare. Mojawapo ya maneno hayo ni kufungisisa. Mswahili asidanganyike akadhani ni habari ya mlango. Kwa Kishona, kufunga ni kufikiri, na kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi. Maswali hayo yametumiwa na akina nyanya wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati za Harare, katika mpango ulioanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006.

Basi nawaambia wanafunzi wangu: kabla ya kuandika swali la kwanza, nendeni sokoni, msikilize watu wanavyoyataja machungu yao. Kiswahili kina roho kutotulia, kina kuwaza na kuwazua, kina kukata tamaa. Haya si mapambo ya lugha. Ndiyo vipimo vyenyewe, na asiyevijua atamrudisha mgonjwa nyumbani akiamini ni mzima.