Wakristo wa Kwanza wa Mombasa

Msomaji utokaye Ngara au Biharamulo, ukijaliwa kufika Mombasa, ingia katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ndani mna misingi ya kanisa. Simama hapo kidogo.

Hasan, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa hila ya Wareno mwaka 1614. Mwanawe Yusuf, angali mtoto, akapelekwa Goa katika Bara Hindi, akalelewa na mapadre wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jeronimo. Alipokwisha kukua akarudishwa kutawala. Lakini Wareno walimdharau, naye damu ya babaye hakuisahau. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapiteni, akaurudia Uislamu. Ndipo Wakristo wa mjini walipoambiwa wachague: kuiacha imani au kufa.

Wengi hudhani waliokufa walikuwa Wareno tu. Sivyo. Walikuwamo Waafrika pia, wake kwa waume. Na hao hawakuwa na nchi nyingine ng'ambo ya bahari.

Yusuf mwenyewe aliihama Mombasa mwaka 1632, akawa mtu wa kutangatanga baharini hata alipofariki mwaka 1638.