Uzito, Tungamo na Kani: Kutoka Frasila hadi Nyutoni

Chuo cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza huko Juja mwaka 1981 (kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994), fizikia ilifundishwa kwa Kiingereza, kama ifundishwavyo hata leo. Nje ya lango, nyama iliuzwa kwa kilo na mahindi kwa gorogoro. Hivyo mwanafunzi alikuwa na uzito wa aina mbili bila kujua.

Kiswahili cha biashara kilijua mmoja tu. Frasila ya karafuu Unguja ilihesabiwa kuwa ratili 35, yaani takriban kilo 16. Mwenye mizani ya mikono miwili alilinganisha mzigo na mawe ya kupimia. Na kwa kuwa dunia huvuta pande zote mbili sawasawa, jibu lilikuwa lile lile pwani na bara. Uzito wa mfanyabiashara, basi, ndio hasa ambao wanafizikia huuita tungamo.

Waundaji wa istilahi walitenda vyema walipochukua tungamo kutoka kitenzi tungama, kisemwacho juu ya damu na maziwa. Kani nayo, yenye maana ya nguvu pamoja na ukaidi, ilifaa. Taabu ilianza neno uzito lilipopewa maana ya kani ya mvutano. Wala si taabu ya Kiswahili pekee: Mkutano Mkuu wa Vipimo ulilazimika kutangaza mwaka 1901 kwamba kilo ni kipimo cha tungamo, na kwamba uzito ni aina ya kani. Jina la nyutoni lilikubaliwa mwaka 1948.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Juja iko karibu na ikweta, mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, na mvutano wake ni dhaifu kidogo. Gunia la kahawa la kilo 60 huvutwa huko kwa takriban nyutoni 587, hali mvutano sanifu ungetoa 588. Mizani ya springi iliyosawazishwa Ulaya, isiporekebishwa, ingelipunja gunia hilo takriban gramu 200. Darasani, uzito umepungua kweli. Kwa mkulima wa Ruiru, ameibiwa. Ingekuwa afadhali sokoni kuachiwe neno lake, na darasani waseme kani ya mvutano.