Kisesa: Mji wa Njiani na Maneno ya Nchi Yake

Mji mdogo wa Kisesa umo katika Wilaya ya Magu, takribani kilomita 20 mashariki ya Mwanza, kwenye barabara kuu iendayo Musoma na mpaka wa Kenya. Ingawa Ziwa Viktoria haliko mbali, Kisesa haukukua kama mwalo, yaani mahali ambapo wavuvi wa Kanda ya Ziwa huteremshia samaki wao. Ni mji wa barabara na mashamba, na mwenye kutafuta magofu au misikiti ya kale kama ile ya Kilwa hatayaona. Kumbukumbu zake zimo zaidi katika maneno.

Neno la kwanza ni jina la watu wenyewe. Katika Kisukuma, *sukuma* ni kaskazini, *dakama* ni kusini, *kiya* ni mashariki na *ng'weli* ni magharibi. Kwa hiyo Wasukuma ni watu wa kaskazini, nalo ni jina linaloeleweka kwa mtu aliyesimama kusini yao, upande wa Unyamwezi. Speke alipotoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1858 na kulifikia ziwa karibu na Mwanza, alikuwa akifuata njia ambayo wenyeji walikwisha kuipa jina kwa dira yao. Ziwa alilipa jina la malkia wake. Dira ya wenyeji haikubadilika.

Utajiri mkubwa zaidi umo katika udongo. Nchi hii ina vilima vya mawe ya matale, na chini yake ardhi huteremka taratibu hadi mabondeni. Mkulima wa Kisukuma huitaja ardhi hiyo kwa ngazi: *luseni* ni mchanga mwepesi wa karibu na vilima, *itogolo* ni mchanga uliolala juu ya tabaka gumu lisilopitisha maji vizuri, *mbuga* ni udongo mweusi mzito wa bondeni, ambao hunata masika na kupasuka kiangazi. Wataalamu wa kilimo wa utawala wa Waingereza waliyachukua majina haya na kuyaingiza katika maandishi yao. Yafaa mwanafunzi wa Kiswahili alikumbuke hili la *mbuga*, kwa kuwa katika Kiswahili Sanifu neno hilo limekwenda kwenye uwanda wa majani na wanyamapori, na anayesoma hati za Usukuma kwa maana hiyo ataona swala mahali palipolimwa mpunga.

Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha wakulima wengi wa Usukuma kutoka kaya zilizotawanyika hadi makazi ya pamoja. Kaya ya zamani ilichagua mahali pake kwa kuujua udongo. Kijiji kilipangwa kwa kufuata barabara na huduma. Maneno hayakufa kwa hilo, lakini umbali kati ya mlango wa nyumba na shamba uliongezeka, na mtoto hujifunza jina la udongo anapoukanyaga.

Bujora, papo hapo Kisesa, kuna Makumbusho ya Wasukuma, yaliyotokana na juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na wazee wa Kisukuma katika miaka ya 1950 na 1960. Wageni wengi huvutiwa na ngoma za watemi, na mwezi Juni na mashindano ya Bulabo kati ya Bagika na Bagalu, ambayo mshindi wake ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Mwanaisimu husimama mbele ya kitu kilicho kimya zaidi: hesabu za kale za moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na majina yake ya namba, na kwa kuhesabu tu mtu alijitambulisha kuwa mwenzao au mgeni. Ni nadra kuona lugha ikitumika waziwazi hivyo kama mlango wenye kufuli.

Katika majarida ya kitaaluma Kisesa inajulikana zaidi kwa tiba kuliko isimu. Tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, imekuwa ikizihesabu kaya za kata hiyo mara kwa mara ili kufuatilia Virusi vya UKIMWI, na kazi hiyo imeleta manufaa makubwa. Lakini sensa ya taifa haijauliza kabila tangu ile ya mwaka 1967. Sababu ya kisiasa ya uamuzi huo inaheshimika. Gharama yake kwa isimu ni kwamba lugha yenye wazungumzaji wa mamilioni haina hesabu rasmi ya wazungumzaji wake.

Kuandika nako kuna hasara yake. Kisukuma kina irabu saba na toni zinazotofautisha maana. Anayeyanukuu majina ya udongo, au hesabu za marika, kwa irabu tano za Kiswahili huwa ameunganisha sauti ambazo mzee wa Bujora huzitenganisha, na msomaji aliyekuja baadaye hana njia ya kuzirudisha isipokuwa kwa kumsikiliza mzee huyo akizitamka.