Hisabati ya KCPE na kizingiti cha lugha

Tangu 1985 hadi 2023, mtahiniwa wa KCPE alipewa maswali 50 ya hisabati, kila moja lenye majibu manne ya kuchagua, ayamalize kwa saa mbili. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Walimu wengi waliwaandaa wanafunzi kwa mitihani ya miaka iliyopita, wakiirudiarudia hadi mtoto alitambua swali kwa sura tu. Hiyo, kwa maoni yangu, si hesabu. Chenji, faida na hasara mtoto alizijua dukani kwa Kiswahili. Darasani alikwazwa na maneno. Ajabu ni kuwa mfumo uo huo wa 8-4-4 ndio uliofanya Kiswahili kitahiniwe kwa lazima. Kikapata karatasi yake, hesabu ikabaki kwa Kiingereza.