Mwenda Jean-Bosco: mtoto wa Bunkeya na gitaa yake

Mwenda Jean-Bosco, ao Mwenda wa Bayeke, ni mmoja wa wapiga gitaa wa kwanza wa Kongo waliojulikana mbali na inchi yao. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika teritware ya Lubudi, ambayo leo iko katika jimbo la Lualaba. Alikufa mwezi wa 9 mwaka 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia.

Asili yake

Bunkeya ilikuwa makao ya mfalme M'siri, mwenye kutoka Unyamwezi, ni kusema Tanzania ya leo. Aliuawa mwaka 1891 na watu waliotumwa na mfalme Leopold wa Pili wa Ubeleji. Watu wa utawala wake ndio Bayeke, na wafalme wao pia wamebeba jina la Mwenda.

Jadotville, 1952

Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, akikaa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Union Minière ilikuwa imeleta wafanyakazi kutoka pande mingi, na Kiswahili ndicho kiliwaunganisha. Mwaka huo Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta akipiga gitaa. Akarekodi nyimbo zake, kati yao "Masanga". Wimbo huo ulipata zawadi ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Afrika.

Namna yake ya kupiga

Bosco hakuhitaji orkestre. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume: kidole gumba kinashika nyuzi nene, cha pili kinaimbisha nyuzi nyembamba, kama vile mpiga piano anavyogawa kazi kwa mikono yake miwili. Mwenye kusikia diski bila kumuona anaweza kuzani kwamba wako watu wawili. Tena hakurudilia sehemu moja vilevile. Kila mara aliigeuza kidogo. Ndiyo maana mtaalamu David Rycroft aliandika nota za muziki wake na kuzichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nairobi na mbali zaidi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alienda Nairobi, akawa na kipindi chake kwenye redio. Wakenya walielewa maneno yake bila mkalimani, na vijana wengi wa huko walijifunza gitaa kwa kumwiga. Ndugu yake Edouard Masengo naye alijulikana Nairobi. Mwaka 1969 Bosco alipiga kwenye festivali ya Newport, Marekani. Mwaka 1988 alirekodi tena, huko Cape Town.

Kitu kilichobaki

Wakati wa Mobutu, majina ya kikristo yalipokatazwa, Jean-Bosco alijulikana zaidi kama Mwenda wa Bayeke. Lakini muziki peke yake haikumlisha. Kwa miaka mingi alikuwa na kazi ingine.

Diski zake za kwanza zilitengenezwa na kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini, na mikusanyo ya Tracey inalindwa leo Makhanda, katika inchi hiyo hiyo. Ni njia ileile ya shaba: inatoka kwetu, inawekwa kwa wengine. Kijana wa Kolwezi ao wa Bunkeya anayetaka kujifunza "Masanga" atatafuta mbali, ao ataenda kwa mzee wa mtaa ambaye vidole vyake vingali vinaikumbuka. Wazee hao wanapungua kila mwaka.