Nati Iliyoganda na Moto wa Kaiija

Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji hayo ndiyo yanayoistawisha migomba ya kata ya Nshambya, na ndiyo yanayokula vyuma chini ya magari yanayotengenezwa uani, kando ya migomba hiyohiyo.

Fundi amelala chali chini ya pikapu, spana mkononi, na nati haitaki. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, hivyo hujaa kati ya meno ya bolti na nati na kuzibana. Kijana anayejifunza kazi anataka kuongeza bomba kwenye spana avute kwa nguvu. "Polepole, mwanangu, utaikata," anaambiwa. Fundi amekwisha kuimwagia nati dizeli tangu jana. Sasa umefika wakati wa moto.

Matatizo mengine yaliletwa na historia. Magari ya Waingereza yalikuja na nati za inchi, ya Wajapani yakaja na milimita, na spana zikachanganyika katika boksi moja. Spana ya 9/16 ina upana wa karibu milimita 14.3, ukiivisha nati ya 14 inaingia, lakini inacheza, na pembe za nati zinaliwa. Nati nyingi zinazosingiziwa kutu ziliharibiwa hivyo, miaka mingi nyuma, na fundi mwenye haraka.

Moto una hesabu yake. Nati ya bolti ya milimita 12 ikipata joto la nyuzi 300 zaidi ya bolti yenyewe, tundu lake hutanuka kwa takriban milimita 0.04, chini ya unene wa unywele. Lakini bolti ya ndani bado ni baridi, na tabaka la kutu linapasuka. Upenyo huo mdogo unatosha.

Elimu ya chuma na moto ni ya kale mno katika nchi hii. Kusini mwa mji, katika kijiji cha Katuruka, wazee walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Masimulizi hayo yalihusishwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba hapo mwaka 1970, na akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka elfu mbili. Wasimulizi walikuwa wamemwelekeza mahali penyewe. Hilo linastahili heshima kubwa kuliko linavyopewa.

Miaka michache baadaye, wazee wa Kihaya, wenyeji wa eneo hili, waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tena tanuri. Walichoma majani ya kinamasi ndani ya shimo hadi yakawa makaa, wakaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya moto, wakavuta mivukuto. Schmidt na mwenzake Donald Avery walipima joto na kuandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kugusa makaa, na kwamba joto lilipita nyuzi 1,800. Ulaya, mvumbuzi James Beaumont Neilson alipata hataza ya wazo kama hilo, la kupasha hewa ya tanuri, mwaka 1828. Baadhi ya wataalamu walipinga hoja ya hewa iliyopashwa, na mjadala huo ni wa kweli; ustadi wa wazee hata hivyo ulionekana kwa macho.

Kilichozima matanuri ni chuma cha bei nafuu kutoka ng'ambo. Uhunzi wenyewe uliendelea kwa vyuma chakavu, na kote Afrika Mashariki springi za magari hufuliwa kuwa visu na mapanga.

Uani, nati imeiva na kuwa nyekundu. Fundi anaigonga mara mbili kwa nyundo, anaivisha spana ya 14, anavuta. Inalia, inasogea robo, inasimama. Anairudisha kidogo, anaongeza dizeli, anavuta tena.