Viti 17 vya Kamati ya Kiswahili

Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi rasmi, makao yake yakiwa Dar es Salaam. Ilikuwa na wajumbe 17: katibu mmoja, na wanne kutoka kila nchi kati ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Wakurugenzi wa elimu wa nchi zote nne walikuwamo, pamoja na maofisa wengine wa serikali na watu wa nje ya serikali, hasa wamisionari. Mwafrika hakuwamo. Lugha iliyotungiwa tenzi Pate, Lamu na Mombasa tangu zamani za kale ilikabidhiwa bodi isiyokuwa na mzawa wake hata mmoja, na muongo wa kwanza wa bodi hiyo ukapita hivyo hivyo. Kwa kawaida habari za kamati hii husimuliwa kama habari za kusanifisha lugha. Lakini ni habari za uongozi pia, kwa kuwa zinagusa swali linalokikabili kila chama cha wanataaluma: bodi imeshika dhamana ya nani, na nani ana haki ya kuidai hesabu? Hoja yangu ni kwamba elimu ya wajumbe, hata iwe kubwa namna gani, haijazi pengo la kutowajibika kwa wenye mali.

Elimu haikupungua. Mkutano wa elimu ulioitishwa Dar es Salaam mwaka 1925, wakati wa Gavana Donald Cameron, ndio uliochochea wazo la kuwa na chombo kimoja cha kusimamia lugha ya shule. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa usanifu, na bingwa wa lugha za Kibantu kutoka Ujerumani, Carl Meinhof, alishiriki. Katibu wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mchapakazi. Aliongoza utayarishaji wa kamusi mbili zilizojengwa juu ya kazi ya mmisionari A. C. Madan, na zilipotoka mwaka 1939 yeye alikuwa amekwisha kufariki. Kamati ilipewa kazi ya kusawazisha tahajia na sarufi, kukagua vitabu vya shule, kuwasaidia waandishi na kujibu maswali ya lugha. Katika hizo zote, yenye nguvu zaidi ilikuwa ithibati: kitabu kilichopitishwa kilichapishwa na idhini ya kamati ndani yake, na kisichokuwa nayo kilikuwa na nafasi finyu ya kuingia darasani. Bodi yenye mamlaka ya namna hiyo haitoi ushauri tu, inaamua mtoto atasoma nini na mwandishi atasahihishwa vipi.

Mamlaka hayo yaliwajibika upande mmoja. Serikali nne zilitoa fedha, na kwa serikali hizo kamati ilipeleka taarifa zake. Watu wa Pwani, ambao kodi zao zilikuwa sehemu ya fedha hizo na lugha yao ndiyo iliyokuwa mezani, hawakuwa na mahali pa kusimama na kupinga. Ubishi kati ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, na Kiunguja unaonyesha jambo hili vizuri. Wamisionari wa shirika la CMS, waliojikita Mombasa tangu siku za mmisionari Krapf, walikitetea Kimvita; wale wa shirika la UMCA la Unguja, waliokuwa na kitabu cha sarufi cha Steere cha mwaka 1870 na kamusi za Madan, walikitetea Kiunguja. Mzozo uliamuliwa kati ya makundi mawili ya wageni, kila moja likitetea vitabu lililokwisha kuvichapa. Mombasa, mji wa mshairi Muyaka bin Haji, ulishindwa katika shauri ambalo wenyewe hawakuitwa kutoa ushahidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hawa hawakukilalia.

Atakayeitetea kamati atasema kwamba haraka ilikuwa ya lazima. Shule zilihitaji vitabu, kila misheni ilikuwa na tahajia yake, na baraza la watu wengi wa lahaja nyingi lingebishana miaka kumi bila kuchapa ukurasa. Ataongeza kwamba Kiunguja kilikuwa kimekwisha kufuata misafara ya biashara hadi Tabora na Ujiji, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa busara. Nakubali kwamba uamuzi unatetewa. Ila hoja ya haraka inafaa kueleza kwa nini bodi iwe ndogo, haielezi kwa nini iwe ya aina moja ya watu. Kati ya viti 17, kumpa kimoja msomi wa Unguja na kingine mshairi wa Mombasa kusingechelewesha kamusi yoyote. Kuwauliza wazawa maana za maneno, kama wakusanyaji wa msamiati walivyofanya siku zote, hakuwezi kulinganishwa na kuwapa kura. Shahidi hujibu alichoulizwa. Mjumbe huchagua swali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatazama matokeo. Kiswahili sanifu kilishinda. Chama cha TANU kilikitumia kuunganisha nchi, na Tanganyika huru ikakipa hadhi ya lugha ya taifa. Je, mti uliozaa hivyo tuulaumu kwa mkono ulioupanda? Hapa hatuna budi kutenganisha kazi ya bodi na kazi ya watu. Kamati ilitoa tahajia moja na kamusi. Magazeti, mikutano ya siasa, na watunzi ndio walioipa lugha hiyo upana wake. Na pale usanifu ulipokuwa na mipaka finyu, watunzi waliuruka. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki gerezani kwa Kiswahili chenye Kimvita tele, kikachapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Lahaja iliyoshindwa mwaka 1928 haikuwa imepungukiwa na uwezo. Ilikosa kiti.

Kamati yenyewe inatupa ushahidi wa mwisho kwa namna ilivyobadilika. Katika miaka iliyofuata Waafrika waliingia, na Shaaban Robert akawa mmoja wa wajumbe. Mwaka 1952 makao yakahamia Makerere. Kwa kadiri muongo huo ulivyoendelea, jarida la kamati lilipanuka kutoka maelekezo ya shule hadi kazi za wenyewe: mwaka 1957 ulitoka utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Vita vya Maji Maji, kisha maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia mwenyewe. Sidai kwamba wajumbe wapya peke yao ndio walioleta mageuzi hayo, kwani kuwa karibu na taasisi ya utafiti huko Makerere kulichangia sana. Nasema tu kwamba bodi ilipoacha kujiona mlinda lango, ilianza kuona hazina iliyokuwa mbele yake siku zote.

Mwaka 1964 kazi hiyo iliingia katika chuo cha uchunguzi cha Dar es Salaam, ambacho leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), na mwaka 1967 sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Tangu hapo vyama vya Kiswahili vimeongezeka, kila kimoja na bodi yake, na wajumbe husifiwa kwanza kwa shahada zao. Shahada ni sharti la haki, lakini hata bodi ya 1930 ingelitimiza. Mwanachama anayepiga kura mwaka huu afadhali amuulize mgombea mambo matatu: fedha za chama zinatoka kwa nani, mwandishi aliyekataliwa atakata rufaa wapi, na ni watu gani wanaoguswa na maamuzi ya bodi lakini hawana kiti ndani yake. Mgombea asiye na jibu la swali la tatu hajaelewa kazi anayoiomba.